Fataki za Sehemu ya Kumi na Nne

Kama umewahi kupeleka saa kwa fundi Bushiri, pale kibarazani Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, basi umeshasemwa. Usione haya, tumesemwa wote. Utamkuta nyuma ya kimeza chake chenye kioo, lenzi ameibana jichoni, na kabla hujamaliza salamu ameshaigeuza saa yako mara mbili na kukuuliza, "Hii umeinunua au umeiokota?" Ukinuna, anakuambia urudi wiki ijayo. Ukicheka, anakutengenezea papo hapo. Ana miaka sitini na saba, mwembamba, kofia yake ya mkono imefuliwa mpaka imelegea masikioni, na kwa jinsi anavyopenda kukosoa nadhani yule malaika wake wa bega la kushoto mkono unamuuma kwa kuandika.

Mimi ananisema kuliko wote, na ana haki. Naitwa Wilbert, Mnyamwezi wa Tabora, na yeye Mzaramo wa hapa hapa, kwa hiyo ni watani tangu enzi za mababu. Yeye ananiita mpagazi, mimi namwita mla nazi. Mkewe akipika wali wa nazi naingia jikoni, naondoka na sufuria, na hakuna wa kuniuliza. Bushiri akifa kabla yangu, Mungu aepushie mbali, nitavaa kofia yake pale pale msibani, nitamuigiza anavyokohoa, na watoto wake watalia huku wanacheka. Ndiyo kazi ya mtani hiyo. Msibani mtani anaruhusiwa kufanya na kusema yale ambayo ndugu wa marehemu hawawezi. Hilo la msiba liweke akilini, tutalifikia.

Kazi yangu ni kutafsiri filamu. Ile sauti unayoisikia juu ya muvi za Kizungu na za Kichina, "Sasa hapa jamaa anamwambia demu wake kwamba," basi mojawapo ni yangu. Narekodia chumbani kwangu, mtaa wa Gerezani. Mlango nimeuzibia godoro, kipaza sauti nimekivika soksi kisipige mluzi. Sauti zote natoa mimi: ya jambazi, ya polisi, ya bibi kizee, hata ya mbwa kama filamu ina mbwa. Sasa nikwambie siri, na usiende kunitangazia. Kizungu changu kiliishia darasa la saba. Maneno mepesi nayashika. Yakiwa mazito, namtazama mtu usoni. Kakunja uso, ana hasira. Katazama chini, kuna kitu anaficha. Namtungia maneno yanayofanana na ile sura, tunaendelea. Miaka ishirini na mbili sijakamatwa, maana wenye Kizungu hawanunui muvi iliyotafsiriwa.

Mwaka jana da Azza akaniletea tamthilia. Azza ana duka la flashi na chaji za simu mlango wa pili kutoka kwa Bushiri, familia yao ya Kiarabu iko mtaani pale tangu mimi sijazaliwa. Tamthilia yenyewe ya kale, ya rangi zilizopauka, ya watu wanaosafiri kwenye nyota. Jina lake la Kizungu refu, nikaliacha, nikaiita Doria ya Nyota. Kuna Kapteni mwenye kidevu kikubwa, nikambatiza Rondo. Kuna mwanamke fundi mitambo, nikamwita Bi Mita. Na kuna roboti anayetembea kama pipa la maji linalosukumwa, huyo nikamwita Pipa, na sikuona sababu ya kujisumbua zaidi. Sehemu ishirini na sita. Kila Jumanne nikimaliza sehemu moja, flashi ya kwanza naipeleka kwa Bushiri, ana kiruninga chake kidogo pale kibarazani. Anaitazama taratibu, mara mbili, mara tatu, na Ijumaa akishatoka msikitini anatoa hukumu.

Hukumu ya Bushiri ilikuwa na watu wake, bwana wee. Hashimu muuza kahawa alikuwa anahamisha birika lake na vikombe kutoka kona ya Msimbazi kuja pale, kwa sababu alijua watu watakaa. Mabenchi mawili yanajaa, wengine wanasimama. Na alama za Bushiri si za shule, ni za saa. Kitu kibaya kabisa anakipa saa moja. Kitu kizuri kinapanda, saa tatu, saa nne, mpaka kileleni ambako ni saa sita kamili. "Saa sita kamili," alitufafanulia siku ya kwanza, "mishale yote miwili iko juu, imepandana, hakuna aliyemtangulia mwenzie. Hiyo sitoi ovyo." Na kweli hakuwahi kuitoa.

Sehemu ya kwanza aliipa saa tatu na robo. "Chombo kinakwenda nyota ya mbali," alisema, "lakini milango yake ya maboksi. Bwana yule kaufunga mmoja, ukuta mzima umetikisika. Kwa upepo wa Feri tu kile chombo kingesambaratika, sembuse huko juu." Sehemu ya nne iliambulia saa mbili, kwa sababu mawe yaliyomwangukia Bi Mita yalidunda. "Jiwe gani linadunda?" aliuliza, akatutazama mmoja mmoja kama sisi ndio tuliolirusha. Sehemu ya saba akasema watu wamekimbia kwenye ujia mmoja mara nne na kujifanya ni njia nne, lakini ukutani kuna doa, na yeye doa amelihesabu.

Lakini kilichomtia wazimu hasa ni saa ya Kapteni. "Mwaka elfu tatu," alisema huku anagonga kioo cha meza kwa kibisibisi, "binadamu kafika kwenye nyota, na mkononi kavaa saa ya kutia ufunguo. Haya, nimemsamehe. Lakini imesimama! Saa nne na dakika kumi, tangu sehemu ya kwanza mpaka leo. Chombo kizima kile hakina fundi?"

"Na mtafsiri je?" Hashimu lazima aulize. Mchochezi yule.

"Mtafsiri apewe maji ya kunywa. Bi Mita anaongea kama amekwamwa na mwiba wa changu."

"Wewe mla nazi," namjibu, "umewahi kukutana na mwanamke wa kwenye nyota ukajua anaongeaje?"

"Nimekutana na wanawake wa Tabora. Hao wa nyota hawawezi kuwa na sauti mbaya zaidi."

Watu wanaangua kicheko, Hashimu anamimina kahawa, mimi nanuna dakika mbili halafu nacheka na wenzangu. Nampenda yule mzee. Nalisema mapema kwa sababu huko mbele utaona nilichomfanyia, usije ukanielewa vibaya.

Kuna jambo moja tu Bushiri hataniwi. Ana kaka yake mkubwa, Zahoro, anakaa Magomeni kwenye nyumba ya wazazi wao. Ukimuuliza habari za Zahoro anaibana lenzi jichoni na kuinama kazini. Akilazimika kumtaja anasema "yule wa Magomeni." Miaka kumi na moja, hata neno kaka hajalitamka.

Chanzo ni mazishi ya mama yao, Bi Maimuna. Mama alifariki Alhamisi alfajiri, Bushiri akiwa Kilwa kwenye harusi ya upande wa mkewe. Akapiga simu akiwa njiani: jamani, ningojeeni mpaka Alasiri tu. Basi likaharibika Nangurukuru. Mwenzetu akapanda juu ya lori la ufuta, jua lote lile likawa lake. Aliingia Magomeni saa tisa na dakika arobaini, Alasiri haijaadhiniwa. Fundi saa huyo, dakika anazijua. Akakuta mama ameshazikwa baada ya Adhuhuri na watu wanarudi wanapangusa udongo. Akamwambia kaka yake mbele ya umati, "Umemzika mama yangu mbiombio kama kitu cha wizi." Akageuka, akaondoka, hakukaa hata matanga.

Sasa njoo kwangu mimi. Siku ile nilikuwepo. Na mtani kwenye mazishi ya Kizaramo ana kazi moja ambayo hakuna mwingine anayeiweza: anaingia kaburini, analala, na kusema hazikwi mtu hapa. Hapo lazima abembelezwe, aahidiwe jogoo, aitwe majina ya babu yake, na masheikh wanageuza uso pembeni wasionekane wanacheka. Mtani mjuzi anaweza kula saa nzima mle ndani. Saa nzima, unanielewa? Kila mtu pale alijua Bushiri yuko njiani. Na mimi nilikuwa nimesimama ukingoni mwa kaburi nikiwa nimevaa suruali ya krimu, mpya, niliyoshonesha kwa harusi ya Jumamosi. Nikautazama ule udongo. Mwekundu, mbichi. Nikasema moyoni, aa, leo apite, nitatania siku nyingine. Siku nyingine ipi? Mtu anazikwa mara ngapi? Loo, suruali ile niliivaa mara mbili tu, kisha nikaigawa, maana kila nikiivaa ninaona haya. Bushiri sikumwambia kamwe. Alijua nilihudhuria mazishi, lakini ya kwamba sikulala hakuwahi kuuliza, na mimi sikuwahi kusema.

Basi, tukafika sehemu ya kumi na nne. Nimejifungia chumbani, godoro mlangoni, jasho linatiririka. Kapteni Rondo anashuka kwenye nyota moja kavu, anafika kwenye mlango wa kioo. Ndani ya kioo kuna mtu mwenye ndevu, pua ileile, kidevu kilekile, ameshika kikombe. Hawapigani, wanaongea tu, dakika tano nzima, Kizungu kizito cha chini chini. Katika maneno yote yale nililishika moja tu, la ndugu. Nikasimamisha picha. Nikaitazama ile saa ya Kapteni iliyosimama. Nikawaza juu ya mtu wangu wa Mtaa wa Sikukuu, nikawasha kipaza sauti, na mdomo ukaenda wenyewe.

"Kaka, nimekuja," Kapteni akasema kwa sauti yangu. "Sikuja na hesabu ya dakika. Wewe uliwahi, mimi nilichelewa, na aliyetuzaa hayupo tena wa kutuamulia. Hicho kikombe ni cha nani?"

"Ni chako," yule mwenye ndevu akajibu, na yeye kwa sauti yangu. "Kinapoa tangu siku ile."

Nikajiona nimefanya jambo kubwa. Kumbe filamu haijaisha. Kapteni anageuza mgongo, anarudi kwenye chombo, chombo kinaruka, na ile nyota inapasuka yote, puu, moto mwekundu, mawe yanatapakaa angani. Nikababaika, jamani. Kurudia kurekodi siwezi, umeme wenyewe ulikuwa unacheza. Nikapaza sauti: "Sasa hapo ndugu wameshapatana, na nyota nzima inawasha fataki kwa furaha!"

Jumanne nikampelekea flashi. Jumatano hakusema kitu. Alhamisi nilipita mara mbili, nikamkuta amezima kiruninga, mikono juu ya meza, hata saa ya mteja hajaifungua. Ijumaa watu wakajaa, Hashimu akapanga vikombe vyake, tukangoja. Bushiri akaketi. Akavua kofia, akaitazama ndani, akaivaa.

"Fataki zimezidi," akasema. "Watu wawili wamepatana, fataki zote zile za nini?"

"Na alama, mzee?" Hashimu akauliza.

"Leo sina alama."

Watu wakatazamana. Mmoja akasema labda presha imepanda. Mabenchi yakaanza kupungua, na Hashimu akabaki na birika zima la kahawa, analalamika. Bushiri akanishika mkono akanivuta karibu na meza.

"Mtani," akasema, na hakukuwa na mzaha sautini, "yule bwana alisema vile kweli? Kwa lugha yao? Sikuja na hesabu ya dakika?"

Hapo ndipo ningesema. Hapo hapo. Badala yake nikasema, "Neno kwa neno."

Akatikisa kichwa polepole. "Basi Jumapili unisindikize Magomeni. Peke yangu miguu haitafika."

Nilirudi Gerezani nimejawa na furaha na hofu, sijui kipi kilikuwa kikubwa. Jumamosi asubuhi da Azza akaniita dukani, anafuta machozi kwa ncha ya mtandio, nikadhani kafiwa. Kumbe anacheka. Alikuwa ameitazama sehemu ya kumi na nne ya Kizungu, kisha ya kwangu.

"Wili! Sayari imelipuka, watu wamekufa, wewe unasema fataki!"

"Punguza sauti, dada yangu."

"Na yule mwenye ndevu si ndugu yake hata kidogo. Ni bandia. Maadui wamemtengeneza kwa sura ya ndugu wa Kapteni aliyekufa, ili wamnase. Kapteni anamwambia, 'Wewe si ndugu yangu,' halafu anaagiza nyota nzima ilipuliwe. Wewe umewanywesha chai!"

Nikakaa kwenye kiti cha wateja. Nikamweleza yote, ya Bushiri, ya Magomeni, ya kesho. Kicheko kikamkatika.

"Mwambie kabla hajaingia mlango ule," akasema. "Akija kuyajua baadaye hatakusamehe wewe, wala hatamsamehe kaka yake. Usipomwambia wewe, Jumatatu namwambia mimi."

Ana roho ngumu da Azza, lakini alisema kweli.

Jumapili nikatoka misa ya kwanza moja kwa moja, nimevaa suruali ya kanisani, nyeupe. Bushiri alikuwa amevaa kanzu iliyopigwa pasi mpaka inasimama yenyewe. Nikasema tuchukue bajaji. Akakataa, eti anataka kutembea, lakini nilijua anataka tuchelewe. Tukakata Jangwani kwa miguu, jua linaanza kuchoma. Njia nzima mtu aliyezoea kukosoa hata kunguru alikuwa kimya. Mara moja tu alisema, "Nitaanza na lile la kaka, nimekuja. Baada ya hapo nitaona." Midomo yake ilikuwa inacheza. Alikuwa anajifunza maneno yangu kwa moyo.

Tulipoingia kwenye kichochoro cha nyumba yao nikashindwa. Hatua chache tu zilikuwa zimebaki. Kule mbele niliona baraza, na Zamda, binti wa Zahoro, anapepeta mchele.

"Mtani, simama," nikasema. "Kapteni hakusema vile."

Akasimama.

"Nilimtungia mimi. Kizungu kile sikukielewa."

"Alisema nini, kwa hiyo?"

"Alisema, wewe si ndugu yangu."

Bushiri akanitazama. "Na zile fataki?"

"Nyota ililipuka."

"Na yule mwenye ndevu ndani?"

"Yumo. Na kikombe chake."

Siku nyingine yoyote angecheka mpaka kofia ianguke. Siku ile uso ulimsinyaa nikaona uzee wake wote kwa mara moja. "Umenichezea, Wilbert," akasema. Wilbert! Hakuwahi kuniita kwa jina langu tangu tujuane. "Mambo ya mama yangu umeyafanyia sinema. Huu si utani." Akageuka arudi alikotoka.

Sikufikiri, nasema kweli. Kile kichochoro ni chembamba, watu wawili hawapishani bila kugusana mabega, na katikati kulikuwa na maji ya kufulia yaliyomwagwa muda si mrefu, tope la povu la samawati. Nikampita mbio, nikafika mbele yake, nikalala chali. Puu, kwenye tope. Suruali nyeupe, shati la misa, kila kitu.

"Hapiti mtu hapa!" nikapiga kelele. "Mimi Mnyamwezi, mjukuu wa wapagazi, nimelala! Hapiti Mzaramo yeyote mpaka nipewe haki yangu!"

Kwa mtani aliyelala kila mtu anajua la kufanya. Zamda akatupa ungo, akaja anapiga vigelegele. Madirisha yakafunguka. "Mtani kalala! Kalala kwenye maji ya nguo!" Mama mmoja akauliza nani kafa. Bushiri, aliyekwisha kuniruka kwa kushindwa kusimama, akarudi akasimama juu ya kichwa changu, kanzu ameikunja asilowe.

"Inuka, unanitia aibu."

"Siinuki."

"Unataka nini? Jogoo?"

"Jogoo la nini? Nataka uingie mle ndani."

Hapo nikasikia fimbo inagonga sakafu ya baraza, halafu inagonga udongo, taratibu, inakuja. Zahoro. Miaka sabini na nne, miguu imemvimba, anatembea kwa kujivuta. Watu wakampisha. Akafika akasimama upande wa miguu yangu, na Bushiri upande wa kichwa, mimi katikati yao kama mkeka. Nikadhani atamtazama mdogo wake. Akanitazama mimi.

"Leo ndiyo unalala?" akasema.



"Siku ile nilikutazama mara tatu," akasema Zahoro. "Masheikh wamenishika huku, wazee wamenishika huku, wote wanasema maiti haicheleweshwi. Mimi ndiye mkubwa. Ningesema nini? Nikajiambia, yupo mtani wa Bushiri, akilala tu nimepata saa nzima, na hakuna wa kunilaumu. Nikakutazama. Nikakohoa. Nikakutazama tena. Wewe unapangusa suruali."

Nilisikia bomba linadondosha maji mahali.

"Hukulala?" Bushiri akaniuliza toka juu.

"Sikulala, mtani. Suruali ilikuwa mpya."

Akainua macho kwa kaka yake. Walikuwa hawajatazamana tangu siku ya mazishi, na mimi niliwaona wote wawili kwa chini, zile pua mbili zinazofanana.

"Kumbe ulitaka kuningoja," akasema.

"Nilitaka. Nilikosa mtu wa kulala tu."

Mimi nikalia. Sioni haya kulisema. Ukilia umelala chali machozi yanakuingilia masikioni, na huwezi kuyafuta mikono ikiwa na tope. Miaka kumi na moja wale wazee walinyimana salamu kwa sababu ya kitambaa cha krimu, na aliyekivaa alikuwa kila Ijumaa anakunywa kahawa pembeni ya mmoja wao.

Bushiri akainua kanzu yake, akanivuka. Si kwa ukali. Alinivuka kama mtu anayevuka mfereji wa mbele ya kwao, akamshika Zahoro kiwiko, wakaanza kuelekea barazani, polepole, fimbo ikigonga. Nikaanza kujiinua.

"Wewe mpagazi," akasema bila kugeuka, "nani kakwambia uinuke? Lala hapo umalize ile saa ya siku ile."

Watu wakacheka, nami nikarudi kulala. Jua likapanda. Wapita njia wakanivuka, mmoja na ndoo, mwingine na baiskeli ameibeba begani, na kila mmoja alikuwa na la kunitania. Baada ya muda Zamda akaja na kikombe cha chai ya tangawizi, akakiweka karibu na sikio langu. "Shikamoo, mjomba Wili," akasema huku ameziba mdomo kwa mkono. "Baba mdogo anasema unywe hivyo hivyo. Anasema zimebaki dakika arobaini."

Dirisha la chumba cha mbele lilikuwa wazi, hatua chache kutoka miguuni pangu. Nilisikia vikombe. Nikasikia Zahoro anataja jina la mama yao, halafu mtu anapenga kamasi. Nikasikia kijiko kinagonga bilauri, kikaacha.

"Kaka," Bushiri akauliza mle ndani, "sukari iko wapi?"

Hilo sikumtungia mimi.